Waraka kwa fundi mwenye kompyuta

Kwa Ndugu Fundi Mkuu,

Mimi mteja wako ni mzima, na gari langu nalo sasa ni zima. Nimeona ni adabu kukuarifu hilo la pili, maana halikuponea kwako.

Utalikumbuka: Axio ya 2007, ya kijivu, injini ya 1NZ. Taa ya injini iliwaka, na kila asubuhi likiwa kwenye silensa, limesimama bila kukanyagwa, lilitetemeka hadi bodaboda moja nikawa naiona mbili kwenye kioo cha pembeni. Likishachanganya barabarani, linatulia. Nilikueleza yote hayo. Ulinisikiliza kwa heshima, ukachomeka mashine chini ya usukani, ukasoma P0171 na P0300, ukaichomoa. "Sensa ya oksijeni hiyo, bosi," ukasema, na bei ukaitaja kabla sijaiuliza.

Usinihesabu miongoni mwa wale wanaolalamika kwamba mafundi wa siku hizi wanategemea kompyuta mno. Langu ni kinyume chake. Umenunua mashine ya fedha nyingi na hujawahi kuvuka ukurasa wake wa kwanza.

P0171 haisemi sensa imekufa. Inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko inavyotakiwa. Injini ya petroli inataka takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta. Sensa ikikuta oksijeni imebaki kwenye moshi, inaiarifu kompyuta. Kompyuta inaongeza petroli, inaongeza tena, na ikifika ukomo wa kuongeza ndipo inawasha taa. Aliyeleta habari, basi, ni sensa yenyewe. Ulimfukuza shahidi kwa kusema kweli, ukamleta mwingine kwa fedha zangu, naye akasema yaleyale.

Ndipo ukahamia P0300. Ingekuwa P0301 ningekuelewa: silinda ya kwanza inamisi, koili yake inahamishiwa silinda ya tatu, na kosa likiifuata na kuwa P0303, koili imekamatwa bila mtu kununua kitu. Lakini P0300 maana yake silinda zinamisi kwa kupokezana, na zikisumbua zote mtu hutafuta kile zinachokitumia kwa pamoja. Wewe ulitangaza koili zote nne zimekufa. Nne, asubuhi moja, bila hata kuagana. Nilikupa pole nikalipa.

Kisha ukafuta namba, taa ikazima, ukanipa mkono wa pongezi. Pamoja na namba ulifuta ile kumbukumbu ambayo kompyuta huiweka kosa linapoandikwa: mizunguko ya injini, joto la maji, mwendo wa gari, mzigo. Hiyo ndiyo ingekuonyesha kwamba kosa liliandikwa gari likiwa limesimama. Taa iliporudi, na ilirudi, ukanishauri tung'oe masega yanayosafisha moshi wa ekzosi kwa kuwa "yanabana pumzi", ukajitolea na kuyatupa wewe mwenyewe. Ukarimu ule ulinigusa. Nilipokuja kujua kwamba ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, ulinigusa zaidi. Cha kuambiwa mteja kuhusu masega ni kingine: injini inayomisi hupeleka petroli isiyoungua kwenye ekzosi, ikaenda kuungulia humo na kuyayeyusha. Ndiyo sababu taa ikianza kupepesa, badala ya kuwaka tu, dereva anatakiwa apunguze mwendo na atafute pa kuegesha. Hilo hukunitajia, na ningelilipia.

Aliyelitengeneza ni binti mmoja aliyemaliza VETA, mwenye kifaa kidogo cha kuchomeka na simu ya kioo kilichopasuka. Alifungua ukurasa wa vipimo injini ikiwa inaunguruma, akatazama kompyuta inaongeza petroli kiasi gani. Kwenye silensa ilikuwa inaongeza asilimia 24. Akaniomba nikanyage hadi mizunguko 2,500 nishikilie hapohapo. Ikashuka hadi 5. Akafunga simu. Tundu linalovuta hewa isiyopimwa huumiza zaidi kwenye silensa, maana hewa inayoingia ni kidogo na ile ya wizi inakuwa sehemu kubwa. Ukikanyaga, ya halali inaingia kwa wingi na ya wizi haionekani. Pampu iliyochoka au filta ya mafuta iliyoziba ingefanya kinyume: kwenye silensa shwari, mlimani ndiyo hesabu inapanda.

Akachukua koleo, akawa anabana mpira mmoja mmoja. Alipoubana ule wa kupumulia unaotoka kwenye kava ya juu ya injini, karibu kabisa na unapoingilia manifoldi, mtetemo ukakatika. Akauvua akanionyesha. Kwa juu mzima kabisa. Kwa chini, kwenye kona, umelainika kwa oili na umechanika, ukucha unapita. Mpya haukufika bei ya chipsi kuku.

Najua utasema hayo ni mambo ya kisasa. Ndugu yangu, namba hizi za P ni za lazima Marekani tangu magari ya 1996. Na kabla yake, mafundi wa zile Corolla za miaka ya tisini walikuwa na kipande cha waya tu. Waliunganisha TE1 na E1 kwenye kiboksi cha boneti, wakahesabu taa inavyopepesa: mbili, kituo, tano. Ishirini na tano, hewa nyingi. Kisha wakainama kusikiliza mpira upi unapiga mluzi. Wao walikuwa na waya. Wewe una skrini ya rangi na kiyoyozi ofisini.

Nakiri kwamba nasi wateja tuna letu. Fundi akitumia saa nzima kutafuta, tunanuna kulipa kwa kuwa hatukuona kitu kipya kikifungwa, hivyo naye anajifunza kufunga kitu. Basi nitoze hiyo saa. Andika bei yake ukutani, kando ya bei ya kumwaga oili, nami nitailipa bila kupunguziwa.

Limebaki dogo. Zile koili zangu nne za zamani ulizosema zimekufa nimesikia ziko kwenye IST ya mteja mwingine, na inakwenda vizuri sana. Nitapita Jumamosi kabla ya adhuhuri kuzichukua, au kuchukua fedha ulizopata kwa kuziuza. Chochote kitakachokuwa rahisi kwako.

Wako mtiifu,

Mwenye Axio ya kijivu