Mazoezi ya Kutazama Visigino

Shemeji yangu wa Nairobi akija kwetu Kapkatet, Kericho, hana haja na mashamba ya chai. Chai ataiona kikombeni. Anachotaka ni kuwaona wanariadha wakifanya mazoezi alfajiri, na kwa kuwa mimi ndiye mwenyeji, mimi ndiye wa kutolewa blanketini.

Tukasimama kando ya barabara, baridi inang'ata masikio. "Hao, hao!" shemeji akapiga kelele. Kishindo cha viatu, mvuke wa pumzi, mmoja akatutupia salamu ya "chamgei" bila kupunguza mwendo, na tope jekundu likatua kwenye suruali yangu. Basi. Wakapinda kona, wakaenda zao.

"Watarudi?" nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akielekea kuchuma majani, kikapu mgongoni.

"Watarudi, baba, lakini kwa barabara ile nyingine."

Wajapani, tofauti na hawa wetu, wanamjali mtazamaji. Ukienda asubuhi kwenye nyumba ya wapiganaji wa sumo kule Tokyo, unavua viatu, unakalishwa sakafuni, unakatazwa kupiga domo, miguu inakufa ganzi. Ni mateso, ndiyo, lakini yana paa! Na mabwana wale, wengine wa kilo 150 na zaidi, wanasukumana ndani ya duara la mita 4.55. Watakukimbilia wapi? Wanajifua tumbo tupu, kisha ndipo wanakizunguka chungu cha chanko, nyama na mboga zikichemka pamoja.

Wa kwetu walianza zamani kiburi hiki cha kumpita mtazamaji. Wilson Kiprugut Chumo, mwana wa Kericho, alikwenda Tokyo hiyo hiyo mwaka 1964 akarudi na shaba ya mita 800, medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Mwaka 1968 akaongeza fedha kule Mexico. Tangu hapo kila kijana mwenye mapafu anaona barabara ni yake, nasi wengine kazi yetu ni kuruka mtaroni tuwapishe.

Asubuhi ile shemeji akashauri tuwafuate wakimbiaji kwa bodaboda. Tulipofika mlimani pikipiki ikakohoa, ikazima. Wao walikuwa wanaupanda wakipiga soga. Mwenye pikipiki alidai nauli kamili, tena ya watu wawili.

Makocha, nawasihi: siku ya wageni wazungusheni vijana uwanjani, tuwaone hata nyuso. Nawe msomaji, shemeji wako akikualika kutazama mazoezi, muulize kwanza kama kuna benchi na chai ya maziwa.