Choo Chini ya Sebule

Sakafu ya jikoni ilikuwa kimya. Ya sebuleni, karibu na dirisha, ililia kama ngoma kila mtoto alipodundisha mpira. Juu yake, ufa ulikuwa umepanda kimshazari kutoka pembe ya dirisha hadi karibu na dari. Tangu ghorofa la Huruma liporomoke usiku wa 29 Aprili 2016 na kuua watu zaidi ya 40, ufa Nairobi haumwachi mtu alale.

Kibera, tulikotoka, nyumba haifichi maradhi yake. Ardhi kwa sehemu kubwa ni ya serikali. Unachonunua ni nguzo, udongo na mabati, na nguzo iliyoliwa na mchwa unaiona kwa macho. Hii tuliyonunua Kawangware ilikuwa ya mawe, ina hati, imepigwa plasta na rangi mpya. Wakili alikagua hati, mpimaji akakagua mipaka. Sakafu haikuwa kazi ya yeyote kati yao.

Fundi tuliyemwita alipiga magoti, nyundo mkononi, akagonga huku ametega sikio, akichora kwa chaki kila palipolia. Chaki ikafanya mstatili.

"Mama, hapa chini pana kitu. Uliza wazee wa hapa."

Cucu, bibi mkongwe wa ploti ya pili, hakuhitaji kufikiri. "Hapo palikuwa na vyoo vya wapangaji. Mwenye ploti alivifunika, akajenga juu."

Mambo haya yapo sana mitaani kwetu. Choo cha shimo kikiachwa, hutupiwa kifusi na kufunikwa kwa slebu nyembamba, kisha chumba kinainuka juu yake. Kifusi hushuka, unyevu hula vyuma vya slebu, na ukuta huanza kufuata.

Aliyetuuzia hapokei simu. Tulivunja sakafu, tukatoa matambara na tope jeusi hadi tukafika kwenye udongo mwekundu mgumu, tukajaza mawe tabaka kwa tabaka na kuyashindilia. Juu tulimwaga zege lenye vyuma, pana kuliko shimo, liketi kwenye ardhi nzima pande zote. Muda huo wote watoto walilala kwa dada yangu Kibera, ndani ya mabati.

Ndugu msomaji, kabla hujalipa hata dipositi, ingia na fundi mwenye nyundo agonge kila chumba, kisha umuulize jirani mkongwe choo cha zamani kilikuwa wapi.