Jahazi Limetia Nanga Eldoret

Kusi likishika kasi, Juni na Julai, majahazi mengi ya Lamu hukokotwa ufukweni kufanyiwa ukarabati, nasi watu wa bara tunaopenda kujitafutia taabu hushuka kijijini Matondoni kujitolea. Chombo hupandishwa na maji ya bamvua, na sharti kiwe tayari bamvua lijalo, yapata wiki mbili baadaye. Bahari haiombwi siku za nyongeza.

Kalafati, kushindilia pamba yenye mafuta kwenye nyufa za mbao, ni ya waliokomaa. Mimi wa Eldoret nilipewa kazi ya kulala. Unalala chali chini ya jahazi, unapaka deheni kwa mkono, na ule mchanganyiko wa chokaa na shahamu unakurudia usoni. Jioni paka wa Lamu, ambao kwa kawaida hawamjali mtu, walinisindikiza hadi mlangoni.

Lakini taabu hasa ni wageni. Mashua ya Pate ikitia nanga, wanaojitolea ndio wapishi. Zamu yangu ilipofika nilisonga ugali wa nyumbani, ule unaosimama wenyewe. Nahodha aliubonyeza kwa kidole, akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, huu ni wa kula au wa kalafati?” (Bado nashikilia kwamba sima yao ndiyo uji.)

Agosti ya mwaka uliofuata nahodha na serahangi wake, msimamizi wa mabaharia, wakaja kunitembelea. Serahangi alinibebea zawadi: galoni la sifa, mafuta ya ini la papa yanayokinga mbao zisioze. Lilianza kuvuja Mtito Andei. Kufika Nakuru abiria walikuwa wameshamshtaki mtoto mchanga, kuku wawili na mchungaji aliyevua viatu. Utingo akafungua madirisha yote, na hivyo ndivyo mabaharia walivyopanda Timboroa, karibu mita 2,700 juu ya bahari yao.

Walishuka Eldoret wamejifunga kila kikoi walichokuja nacho. Nahodha alikubali sweta ya shule ya binti yangu, mikono ikamkomea viwikoni. Mursik, maziwa lala ya kibuyuni, ulipomiminwa na vumbi lake la mkaa, serahangi aliunusa, akanipongeza: kumbe na huku tunajua kuvipaka dawa vyombo vyetu.

Majirani walitaka kujua jahazi limeegeshwa wapi. Swali si la kijinga. Jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki na ndara kuukuu na kuzinduliwa 2018, lilisafiri Ziwa Victoria mwaka 2021, na halikufika huko kwa tanga. Niliwaeleza hawa wamekuja kwa basi. Walisema harufu imewaambia.

Siku ya mwisho niliwapeleka mtoni Sosiani. Nahodha alisimama darajani, sweta imembana, akayatazama maji kitaalamu.

“Bwana,” akamwuliza jirani yangu, “hapa maji hujaa saa ngapi?”

“Mvua ikinyesha Kaptagat, mzee.”

Nahodha akatikisa kichwa kukubali, akamgeukia serahangi: “Shika hilo.”