Shujaa wa Kiti cha Nyuma

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Nawaheshimu wahenga, lakini nina hakika hakuna hata mmoja wao aliyepata kupanda daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Humo mwoga hachekwi wala haliliwi. Anapitishwa kituo.

Tunapozungumzia ujasiri tunapenda kutaja simba, vita na mafuriko. Ni rahisi, kwa sababu wengi wetu hatutapimwa kwa hayo. Sijawahi kukutana na simba Temeke. Ninachokutana nacho kila jioni ni kituo changu kinachokaribia, na gari lililojaa watu waliochoka ambao lazima wanisikie nikipaza sauti.

Mimi nimezaliwa na sauti ndogo. Shuleni mwalimu aliita jina langu, nikaitikia "nipo", akaniandika mtoro ilhali nimekaa dawati la mbele. Nyumbani mke wangu huuliza kama ni mimi niliyesema kitu au ni friji. Pengine katika mji mwingine ningehesabiwa kuwa mtu mwenye adabu. Dar es Salaam ni mji wa makoo. Muuza maji ana lake, mpiga debe ana lake, na muuza dawa ya panya ana la betri, linalorudia maneno yaleyale mpaka panya wenyewe wanayajua kwa moyo. Basi mtu kama mimi akitaka kushuka Mtoni kwa Azizi Ali, lazima aanze kujiandaa tangu Bendera Tatu.

Maandalizi huanza na kusafisha koo. Jirani yangu hudhani nina mafua, anafungua dirisha. Kisha nainua makalio kidogo kutoka kwenye kiti, ili mwenye akili aelewe kwamba huyu bwana anakaribia kushuka. Aliyesimama pembeni yangu huelewa kuliko konda: kabla sijanyooka ameshaketi. Sasa sina kiti, kituo kinakuja, na ninalotakiwa kusema ni neno moja tu. "Shusha." Konda yuko mlangoni, nusu ya mwili wake ipo nje, anagombana na konda wa gari la nyuma kuhusu jambo lililoanza juzi. Redio inapiga singeli. Nasema tena, "Shusha." Kituo kinapita dirishani, na muuza mahindi wangu akiwemo, naye ananipungia mkono.

Daladala ziliruhusiwa rasmi mwaka 1983, mabasi ya shirika la UDA yalipokuwa yameshindwa kuubeba mji, na kwa miaka yote hiyo koo la abiria limebaki kuwa ndiyo kengele. Nasema hivyo nikijua kwamba baadhi ya Coaster zilizotumika Japani kabla ya kuletwa kwetu bado zina vitufe vya kushukia, pamoja na maandishi ya Kijapani pembeni. Nimevibonyeza vyote. Huenda kuna konda huko Japani anayesikia.

Aliyeniokoa jioni moja alikuwa mama wa kiti cha nyuma kabisa, mwenye ndoo ya samaki wa soko la Feri kati ya miguu yake. Nilikuwa nimeshasema shusha mpaka nimeanza kuona aibu mwenyewe, ndipo nikasikia mngurumo nyuma yangu.

"We dereva! Mshushe baba wa watu! Muda wote anasema shusha kama anakopa chumvi kwa jirani!"

Gari likasimama palepale, katikati ya vituo viwili, na matairi yakalia. Abiria wote wakageuka kumtazama baba wa watu. Ushauri ukaanza kumiminika kabla sijaufikia mlango. "Anko, siku nyingine gonga bodi." "Mzee, toa sauti tumboni." Mmoja alitaka kujua kama nyumbani watoto wananisikia. Konda akanipisha huku akilalamika, "Bosi, si ungesema?" Nikateremka kwenye vumbi, nikageuka, nikamshukuru yule mama kwa moyo wangu wote.

Hakunisikia.

Nimemfikiria sana tangu siku ile. Hakuwa na faida yoyote ya kupata kwangu. Samaki wake walikuwa wanangoja mafuta na mafuta yanangoja wateja. Gari kusimama kulimchelewesha yeye kwanza. Konda angeweza kumjibu ovyo, na midomo ya makonda wetu inajulikana. Abiria wangeweza kumcheka yeye badala ya kunicheka mimi. Wema mwingi wa mjini bei yake ndiyo hiyo: hautaki uingize mkono mfukoni, unataka ukubali kutazamwa na watu. Na mfuko huo wa kutazamwa sisi wengi tunaubana kuliko ule wa fedha.

Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi Mei 2016, nilidhani serikali imenifikiria mimi binafsi. Basi linasimama kituo kwa kituo, milango inajifungua, hakuna wa kumwomba lolote. Furaha yangu haikudumu. Jioni, kutoka Gerezani kwenda Kimara, basi kusimama si tatizo. Tatizo ni wewe kuufikia mlango. Unatakiwa kusema "samahani, napita" kwa migongo isiyo na pa kusogea, na mlango haujui kusubiri. Nimewahi kukusudia Manzese nikatolewa Urafiki. Konda wa daladala angalau unaweza kumlaumu. Mlango utaulaumu vipi?

Asubuhi, kwa wanaotoka mbali, gari halipandwi, linagombaniwa. Wenye uvumilivu hugeuza nalo: wanalipanda likielekea mwisho wa njia, wanalipa nauli ya kwenda wasikokwenda, kisha wanarudi nalo wakiwa wameketi. Wenye haraka hutupa kitu dirishani, leso au gazeti, na kiti kinakuwa kimeshikwa. Ni sheria isiyoandikwa, lakini inaheshimiwa kuliko nyingi zilizoandikwa. Shemeji yangu, mtoto wa Tandika tangu azaliwe, aliniusia hivi: "Shem, tupa begi, mwili utafuata."

Nikatupa begi. Mwili haukufuata.

Gari liliondoka Buguruni kuelekea Gongo la Mboto, begi langu likiwa limeketi dirishani, kiti kizuri kabisa, na mimi nimesimama kituoni nikiliangalia likinipungia mkanda. Ndani yake mlikuwa na mwavuli, bahasha ya karatasi za kiwanja na hotpoti ya wali maharage. Nilipiga kelele, kwa kadiri yangu. Mpiga debe alinihurumia akaniambia nisihangaike, gari litageuza. Nikakaa kwenye jiwe, nikawaza namna nitakavyomweleza mke wangu kwamba kiwanja kimepanda daladala.

Gari likageuza kweli. Konda alikuwa ametoa kichwa nje tangu mbali, ameliinua begi juu, anauliza kituo kizima, "Nani katupa mtoto wake humu?" Nikanyoosha mkono. Akanikabidhi, kisha akadai nauli ya begi, kwa hoja kwamba lilikaa siti kwenda na kurudi. Nililipa bila kubisha. Hoja ilikuwa sahihi. Bahasha ilikuwamo, mwavuli ulikuwamo. Hotpoti ilikuwa tupu, na imeoshwa.

Nyumbani tulijadili kama huo ni wizi au ni wema. Mke wangu alisema ni wizi. Mimi nilisema mwizi haoshi vyombo. Mtu alikuwa na njaa na mbele yake kuna hotpoti yenye chakula cha moto pamoja na karatasi za ardhi ya watu. Akachagua maharage. Nimekutana na wasomi wenye suti ambao wangechagua vingine.

Chenji siizungumzii sana, maana kila mtu ana machungu yake. Itoshe kusema kwamba konda asiye na chenji hulipa deni kwa kuwaunganisha watu: anakupa wewe na abiria usiyemjua noti moja, anawaambia mkagawane huko chini, gari linaondoka. Mnabaki wawili mnatazamana. Njia pekee ni kununua karanga. Nimekula karanga na watu wengi kwa sababu hiyo, na baadhi yao walikuwa na mazungumzo mazuri.

Kupakata ndiko kunakonishangaza zaidi. Mama anaingia gari limejaa, mtoto kiunoni, mfuko mkononi. Hamwombi mtu ruhusa. Anakutazama wewe uliyeketi, na kabla hujaamua kama unataka kuwa mtu mwema siku hiyo, mtoto yuko mapajani mwako. Hakuulizi jina wala kazi. Katika mji huu ambamo watu hufunga mageti kwa kufuli tatu, ndani ya daladala unamkabidhi mwanao mtu usiyejua anakoshukia.

Mimi nilikabidhiwa wa miaka mitatu hivi, mnene, mchunguzi. Alinikagua kwa utulivu, halafu akauliza kwa koo linalonifanya nimtabirie makubwa, "Mama, huyu babu mbona ana nywele masikioni?" Gari zima likataka kuona. Mama yake akaomba radhi huku naye akiangalia. Nilisema si kitu, na bila shaka hawakunisikia. Kisha mtoto akalala, kichwa kifuani pangu, mdomo wazi. Kituo changu kikafika, na kwa mara ya kwanza maishani nikawa na sababu ya heshima ya kutosema shusha. Nilikwenda naye hadi Mbagala Rangi Tatu. Mama yake alinishukuru mpaka nikaona haya, nami nikalipa nauli ya kurudi nikiwa na suruali iliyolowa upande wa mapajani. Mke wangu aliuliza kama Mbagala mvua hunyesha upande mmoja.

Sasa kuna jambo ambalo silichekei. Nauli ya mwanafunzi Dar es Salaam ni shilingi 200. Mtu mzima, kwa njia fupi, hulipa 600. Dereva na konda jioni wana hesabu ya kupeleka kwa tajiri mwenye gari, iwe gari limejaa au halikujaa, kwa hiyo kila sare ya shule inayoingia mlangoni konda anaiona kama shilingi 400 zinazotoka. Simtetei, naeleza tu kwa nini mkono wake unanyooka kuziba mlango alfajiri: "Wanafunzi wawili tu! Wengine gari la nyuma!" Gari la nyuma nalo linasema hivyohivyo. Watoto wanabaki kituoni na mabegi makubwa kuliko migongo yao, na shuleni wanaulizwa kwa nini wamechelewa. Sisi tulioketi wakati huo tunazama kwenye simu. Tunasoma ujumbe tuliokwisha kuusoma. Hakuna kipindi ambacho watu wazima wa mji huu husoma kwa bidii kama hicho.

Asubuhi moja mzee mwenye kibaraghashia aliweka mguu mmoja kwenye ngazi, mwingine akauacha chini, akatulia hapo mlangoni. Hakufoka. Alisema hapandi na hashuki mpaka watoto wapande.

"Mzee, unatuchelewesha," konda akasema.

"Mimi nimestaafu," akajibu. "Sina ninakochelewa."

Dereva akapiga honi. Mzee akaanza kuwasalimia watoto mmoja mmoja, akiwauliza wako darasa la ngapi. Dada mmoja akasema kwa nguvu, "Wapandishe bwana, twende!" Mwingine akadakia. Nami nikasema "wapandishe". Jirani yangu akadhani naongea na simu. Mwishowe mkono wa konda ukashuka, watoto wakaingia wote, na hakuna aliyekosa pumzi. Walijipenyeza tu. Sisi tulioketi tukapokea mabegi. Niliwekewa matatu, moja lilikuwa na chupa ya uji iliyolegea kifuniko, na nilifika kazini nanukia ulezi mpaka saa ya chakula.

Kwa hiyo nina ombi kwako utakayepata kiti kesho alfajiri. Konda akinyoosha mkono mlangoni, weka simu mfukoni umwambie awapandishe. Kama una koo zuri, anza wewe. Sisi wenye sauti ndogo tutakuwa wa pili. Wakishaingia, nyoosha mikono upokee mabegi. Ila kabla hujalilaza begi mapajani, hakikisha chupa ya uji imefungwa.