Wa Pili Kati ya Mmoja

Shemeji yangu anaweza kukutajia wahenga wa mbwa wake hadi kizazi cha tano. Cheti cha nasaba kinao wote: wazazi wawili, babu na nyanya wanne, na kuendelea hivyo mpaka watimie 62, kila mmoja na jina lake kamili na nambari ya usajili. Lakini siku ya posa ya binti yake, wageni walipotaka kujua jina la babu yake mzaa mama, alijikuna kichwa, akatoka nje kumpigia shangazi simu.

Mbwa mwenyewe ni Rhodesian Ridgeback. Kwenye cheti ana jina la maneno manne ambalo hakuna mtu nyumbani anayeweza kulitamka lote bila kupumzika. Sisi humwita Simba, jina lisilomfaa hata kidogo, maana kazi ya wahenga wake ilikuwa kuwinda simba. Si kwamba walimuua. Walimzunguka, wakambwekea na kumkwepa hadi mwenye bunduki afike. Mwindaji Cornelius van Rooyen, aliyeishi katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, alipata sifa mwishoni mwa karne ya 19 kwa kufuga mbwa wa namna hiyo. Walikuwa mchanganyiko wa mbwa wa walowezi na mbwa wa Wakhoikhoi, na kwa hao wa Wakhoikhoi walirithi alama yao kuu: mstari wa manyoya mgongoni yanayoota kuelekea kichwani badala ya mkiani.

Mstari huo ndio mali. Hati ya sifa za aina hii inataka uanzie nyuma ya mabega, uende ukipungua hadi kwenye nyonga, na kule juu uwe na visulisuli viwili, yaani pale manyoya yanapojizungusha, vilivyo sawa na vinavyotazamana. Viwili tu. Msomaji, iweke hiyo pembeni, tutaihitaji.

Hati yenyewe ina kisa chake. Mwaka 1922, Francis Barnes aliwaita wafugaji mjini Bulawayo. Wakaja na mbwa wa kila kimo na kila umbo, na kila mtu akiamini kuwa Ridgeback wa kweli ni yule aliye kwenye kamba yake. Ili kukata maneno, mbwa mmoja akachukuliwa kuwa kipimo cha kimo na umbo, mwingine cha kichwa na shingo, wa tatu cha miguu, na yaliyosalia yakaazimwa kutoka hati ya Dalmatian, yule mweupe mwenye madoadoa. Kwa hiyo mbwa kamili aliyeandikwa siku ile hakuwepo pale uwanjani, wala kwingineko. Tangu wakati huo mbwa walio hai wanashindanishwa naye, na yeye hajashindwa hata mara moja.

Mimi niliingizwa katika mambo haya na goti la shemeji. Maonyesho ya mbwa ya Nairobi yalipokaribia, aliteleza bafuni akiwa anamwogesha Simba kwa shampuu ya bei ambayo nywele zangu hazijawahi kuiona.

"Shem, utanishikia kamba tu," akaniambia. "Ni kutembea na mbwa."

Mke wangu, ambaye ni dada yake, alisema nitafurahi sana. Nikafurahi.

Nilipewa masharti. Nivae suruali ya rangi isiyofanana na mbwa ili miguu yake ionekane. Mfuko wa koti uwe na vipande vya maini ya kuchemsha, ili Simba ainue kichwa akitarajia kulishwa. Maini hayo yalinipa umaarufu nisiouomba. Tulipofika uwanjani, mbwa wa kila aina walitaka kunijua. Beagle mmoja, mwenye nasaba ndefu kuliko ya shemeji, aliniamkia kwa kuondoka na kifuniko cha mfuko.

Jaji alikuwa mama mmoja kutoka Ulaya, mwenye kofia pana na maneno machache. Alimfungua Simba mdomo akakagua meno, ambayo kwa mbwa mzima yanatakiwa yawe 42, yale ya mbele juu yakifunika kidogo ya chini. Simba, aliyekuwa ametoka kumeza ini, alimpumulia usoni. Mama hakupepesa jicho. Akashuka kifuani, mbavuni, mapajani, kisha mkono ukaenda nyuma kuthibitisha kuwa korodani ni mbili na zimeshuka sawasawa. Hata wazee wa posa, pamoja na ukali wao wote, hawajafika huko. Simba alinigeukia na kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyetia saini.

Ikaja zamu ya mwendo. Mbwa anatakiwa aende mchakamchaka, kwanza pembetatu, kisha moja kwa moja kwenda na kurudi, ili jaji aone miguu inavyotupwa. Tatizo ni kwamba Simba ana mwendo wa aina mbili: kulala na kufukuza bodaboda. Nilipomwambia twende, alichagua ule wa kwanza. Nikambembeleza. Nikamwonyesha ini. Akalipokea akiwa amelala.

Hapo nje ya ua ikapita bodaboda iliyotoboka ekzosi.

Sikumbuki pembetatu yoyote. Nakumbuka nyasi, kamba iliyojizungusha kifundoni mwangu, na ulingo wa jirani ambako mzee mmoja alikuwa anamchana Pekingese wake nywele za mwisho kabla ya kuhukumiwa. Tulipita katikati yao. Tulipokomea kwenye ua, mimi nikiwa nimepiga magoti na pikipiki ikiwa imefika Ngong Road, nilimsikia mtazamaji mmoja akimwambia mwenzake kwa sauti ya mjuzi, "Tazama nguvu ya miguu ya nyuma."

Tuliporudi, jaji alikuwa anaandika. Akaweka kalamu chini, akapitisha vidole juu ya mstari, polepole. Kisulisuli kimoja. Cha pili, kikitazamana na cha kwanza. Akashuka kidogo, vidole vikasimama. Cha tatu.

Katika darasa letu la mashindano tulikuwa sisi peke yetu. Lakini jaji anaruhusiwa kuzuia tuzo kama haoni anayeistahili, naye aliizuia ya kwanza, akatupa kadi ya nafasi ya pili.

Shemeji alikuja akichechemea na mkongojo. "Wa pili nyuma ya nani?"

"Nyuma ya hati," akajibu msaidizi wa ulingo, akaita darasa linalofuata.

Njia nzima ya kurudi alilaumu upendeleo. Nikamfariji kwa historia. Katika maonyesho ya Newcastle upon Tyne ya mwaka 1859, yanayohesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake, walishindana mbwa wa kuwindia ndege tu, pointer na setter, na zawadi ilikuwa bunduki. Pointer aliyeshinda alikuwa wa jaji wa setter. Setter aliyeshinda alikuwa wa jaji wa pointer. Yule mama wetu angalau hakuwa na mbwa. Nikaongeza kwamba Charles Cruft, aliyeanzisha mwaka 1891 jijini London maonyesho yenye jina lake, alikuwa muuza biskuti za mbwa, na mjane wake alikuja kueleza kwamba nyumbani hawakufuga mbwa, walifuga paka.

Shemeji alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza kama paka huyo alikuwa na cheti.

Kadi sasa imo ndani ya fremu, sebuleni, juu ya televisheni. Imeandikwa nafasi ya pili, na haina mahali pa kuandika idadi ya washindani. Wanunuzi wa watoto wa Simba huisoma, hutikisa kichwa kwa heshima, kisha huulizia bei, ambayo imepanda.

Uzao wa mwisho ulitoa watoto wanane, na mmoja wao hana mstari kabisa. Zamani wafugaji wengi waliwaua wa namna hiyo. Daktari wa mifugo alipokuja kuwapapasa migongo alitueleza kilichomleta: kasoro ya kijibomba ndani ya ngozi, kinachoweza kuchimba hadi karibu na uti wa mgongo, na hakitoki bila upasuaji. Jeni inayoleta mstari ndiyo pia inayofungua mlango wa kasoro hiyo, na asiye na mstari huwa na nafasi nzuri zaidi ya kuikwepa.

Mimi, kama shahidi wa ushindi, niliahidiwa mtoto mmoja wa kuchagua. Shemeji alinisukumia wale saba. Nikamchukua wa nane, bure, bila mabishano. Hana cheti, mgongo wake ni mzima, na katika darasa la mbwa wa nyumbani kwangu ameshika nafasi ya kwanza kati ya mmoja.