Nasaha za Mzee wa Njia Panda

*Mzee wetu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Mombasa, mzaliwa wa Mji wa Kale, niliyekuja Uyole kujitolea kufundisha hesabu. Wenzangu wawili wa kutoka Denmark wamenialika Jumamosi twende Ziwa Ngozi, tulale huko kwenye hema. Mimi hata chumbani hulala na koti. Nikikataa wataniona mwoga. Nikienda, naikhofia roho yangu. Nifanyeje? — Mgeni wa Baridi.*

Marahaba, mwanangu. Kadhia yako naifahamu, kwani aghalabu kijana wa pwani apandaye basi la kuja nyanda hizi huja na shati jepesi na matumaini mema, asijue kwamba Uyole, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,800, haihitaji theluji ili kuyagonganisha meno ya mja, na kwamba kati ya Juni na Agosti hata jogoo hufikiri mara mbili kabla ya kuwika. Walakini baridi si hoja ya kukataa mwaliko. Ni hoja ya kununua sweta la mtumba, na hayo, alhamdulillahi, sokoni kwetu yamelundikwa marundo kwa marundo.

Safari yenyewe haina siri. Utapanda gari la Tukuyu pale barabara ya Malawi inapoachana na ile ya Dar es Salaam, ushuke penye njia ya kuelekea ziwani, na kabla hujauliza njia uulize kijana wa kukuongoza na mpatane ujira mapema, madhali msitu wa Uporoto una vijia vingi na ukungu wake hauna adabu. Mtapita chini ya mianzi na migomba mwitu, mkishika mizizi kwa mikono miwili, juu ya tope jeusi lenye utelezi kama bamia, hata mfike ukingoni, ambapo chini yenu, ndani ya kasoko ya volkano ya kale, mtaliona ziwa la kijani lisilotoa mto hata mmoja. Au, kwa bahati ya walio wengi, mtauona ukungu mweupe pe, na wenzako wataupiga picha.

Ama kulala hemani, hilo silipi idhini. Miteremko ya kusini ya Mlima Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, nayo Ngozi i jirani mno na neema hiyo. Rudi ulale kitandani. Na wakikuita mwoga, wakumbushe kwa upole kwamba babu zako walivuka bahari kwa tanga hadi Maskati na Bara Hindi wakienda na pepo za kusi na kurudi na za kaskazi, wala hawakuyaita hayo matembezi, waliyaita biashara.

*Baba, mimi nimempokea nyumbani binti wa Kijerumani anayejitolea kulea watoto. Kila Ijumaa hufunga begi kubwa kuliko yeye: leo Matema, wiki ijayo Daraja la Mungu, halafu Mlima Rungwe. Jumapili hurudi magoti yamechubuka, naye anacheka. Majirani wanauliza kama nampa chakula. — Mama Mwenyeji.*

Dada yangu, taklifu yako ni ya majirani zaidi kuliko ya mgeni. Sisi tumezoea kwamba mtu husafiri kwa msiba, kwa harusi au kwa kuuza viazi, na yeyote aondokaye pasipo mojawapo ya sababu hizo humdhania ama anakimbia deni, ama anakimbia njaa. Huyu anakimbia starehe tu. Juma zima ametumika bila mshahara, na siku mbili hizi ndizo ijara aliyojikatia mwenyewe. Sioni dhuluma ndani yake.

Mtahadharishe jambo moja, asije akarejea akijisifu kuwa amegundua kitu. Kima aitwaye kipunji, anayeishi katika misitu hiyo ya Rungwe, wataalamu walimtangaza kwa ulimwengu mwaka 2005, ilhali wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wamekwisha kumpa jina zamani. Fauka ya hayo, akishuka Matema mwagize chungu cha Wakisi wa Ikombe. Begi la kimo hicho halikosi nafasi.

*Mzee, twaenda Kitulo mwezi Julai. Je, ni ruhusa kumchumia mchumba wangu okidi? — Mwenye Mapenzi, Iringa.*

Si ruhusa. Kitulo ni Hifadhi ya Taifa tangu 2005, na miongoni mwa sababu za kuihifadhi ni kwamba viazi vya okidi vilikuwa vikichimbwa kwa magunia na kuvushwa Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Isitoshe, Julai hutakuta ua la maana: huchanua kati ya Novemba na Aprili, wakati ambapo barabara ipandayo kutoka Chimala, yenye kona 57 kwa hesabu ya wenyeji, hugeuka tope. Mnunulie debe la viazi vya Matamba. Mama mkwe atakuelewa upesi zaidi.