Jinsi ya Kumsingizia Mchoma Chokaa Wizi

Umenunua tani 10 za mawe ya chokaa upande wa Amboni, Tanga, umejenga tanuri na kumwajiri mtu wa kuchoma. Sasa sharti la kwanza: usisawazishe mlinganyo wowote. Kubalansi ni kazi ya watoto wa sekondari, wewe ni mwekezaji. Ngoja tanuri lipoe, upime mzigo, na ukikuta tani 5 na ushee, paza sauti mpaka barabara ya ishirini wasikie kwamba nusu ya mali yako imeliwa.

Mchoma chokaa akiomba kalamu, mnyime. Akishaandika CaCO₃ → CaO + CO₂, kesi imekwisha. Kalsiamu moja huku, moja kule. Kaboni moja kwa moja. Oksijeni tatu kwa tatu. Mlinganyo wenyewe umezaliwa umesawazika, hata nafasi ya kujidai umechanganyikiwa hukuachiwa. Halafu atajumlisha: kalsiamu 40, kaboni 12, oksijeni 16 mara tatu, jumla 100. Kati ya hizo, 56 zinabaki tanurini. Zile 44 ni kabonidayoksaidi, nayo jiwe likifika nyuzi 900 hivi haina tena la kusubiri: waja leo, waondoka leo. Tani 10 za jiwe safi hutoa tani 5.6 za chokaa. Mwizi wako wa tani 4.4 pengine ameshapanda Usambara na upepo.

Ukipima ukakuta tani 7, mpe mchomaji zawadi na usiulize kitu. Wapenda hesabu watasema zimetoka tani 3 tu za hewa, maana yake jiwe lililoiva ni tani 6.8 hivi, na tani 3.2 bado ni mbichi ndani ya ganda jeupe. Wengine watadai huenda jiwe lilikuwa na mchanga na udongo, usioyeyuka kuwa hewa. Waache. Uzito ni uzito, na mteja hanunui kiini.

Kuzima chokaa ni rahisi zaidi. CaO + H₂O → Ca(OH)₂: 56 na 18 ni 74, kwa hiyo tani zako 5.6 zinataka lita 1,800 za maji, zigeuke tani 7.4. Pima hizohizo, usizidishe hata kata moja, kisha iname juu ya shimo uone yanavyotokota. Joto halimo katika mstari ule ulioandika, na mvuke utakaoondoka na maji yako haumo pia. Mafundi wenye akili huongeza maji na kusimama mbali, kwa kuwa chokaa ikiruka jichoni haisamehe. Lakini hao hawana haraka ya kuwa matajiri.

Kuni nazo hazimo kwenye mlinganyo, ndiyo maana watu wa pwani walichoma matumbawe kwa magogo ya mikoko wakaona ni bure. Ukitaka kurudia ustadi huo leo, ujue kwamba tangu 2009 sehemu kubwa ya bahari kusini mwa mji wa Tanga ni Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, na askari wa hifadhi hawapokei hesabu za moli kama utetezi.

Mwisho, uhifadhi. Acha magunia wazi uani, msimu wa masika. Chokaa itavuta unyevu, kisha itavuta ileile hewa iliyoikimbia tanurini, na kila 74 itaelekea kuwa 100, yaani jiwe tena. Ukutani hiyo ni heri: lipu ya msikiti wa zamani kule Tongoni ilikauka kwa njia hiyohiyo. Gunia likifanya hivyo, linazidi uzito na kupoteza kazi, nawe unauza kwa kilo.

Tahadhari moja tu. Chokaa iliyorudi kuwa jiwe hutoa povu ikidondoshewa tindikali, hata ya matunda. Ukimwona mteja anaingia uani na ndimu mkononi, mpunguzie bei kabla hajafungua mdomo.